Ukuta Aliouchora Mama Siku za Posa Yangu

Kwetu Litapunga, wageni wa posa hawafai kukuta nyumba imechakaa. Kabla hawajafika mnachota udongo, mnauchanganya na samadi, mnakandika upya, halafu ukuta wa mbele unapambwa ili mgeni aseme: hapa pana wanawake. Wengine walichora maua, wengine jogoo, wengine birika na vikombe. Mwaka wa posa yangu, katikati ya miaka ya tisini, mama akachora kitu ambacho hakikuwa kitu.

Mistari tu! Ya mkaa na udongo mwekundu, inashuka, inapinda, inakatika, inaanza tena. Chini kabisa, pembeni, doa la majivu, si duara wala si nini. Nilipouona ukuta ule nilitaka kulia. Mchumba wangu alikuwa Msukuma, kwao walihamia Sibwesa na ng'ombe wao, na tayari kulikuwa na ndugu zake waliosema sisi wa asili ya Burundi hatujulikani vizuri. Sasa waje wakute na michoro ya ajabu ukutani? Nilimpenda yule kijana, jamani. Sikutaka mwingine.

"Wifi, hiki ni nini?" shangazi akamuuliza mama.

"Wewe umeona nini?"

"Nimeona posa inavunjika. Chora hata kuku, basi!"

Mama akacheka, akaenda kunawa mikono. Nikamfuata. "Mama, wakiuliza sema ni njia. Sema ni mto Ugalla. Sema chochote!"

"Nikisema, watasikiliza maneno yangu, ukuta watauacha," akanijibu. Mama yangu alikuwa mpole, lakini akishikilia jambo, hata umsukume na tingatinga.

Siku ikafika. Wanaume wakaingia ndani kwa baba. Mama wa mchumba wangu hakuingia. Alisimama mbele ya ukuta, mkono kiunoni. Mimi nilikuwa nimebeba maji ya kunawa, yananimwagikia miguuni. Shangazi akashindwa kuvumilia: "Ni mapambo tu, mama, karibu ndani, usiyajali hayo."

"Nani amechora?"

"Ni mimi," akasema mama.

"Ni nini?"

Sema njia, mama, niliomba moyoni. Sema mto.

"Wewe, mama, umeona nini?"

Loo, nikajua tumekwisha. Unamjibuje mkwe swali kwa swali, tena siku ya kwanza!

Yule mama akasogea. Akaifuata mistari kwa kidole bila kuigusa. "Hii ndiyo njia tuliyopita na ng'ombe, kutoka kwetu mpaka huku. Hapa maji yalituishia. Hapa tulipumzika." Kidole kikashuka mpaka kwenye doa la majivu. "Na hapa ndipo nilipomwacha mwanangu, mdogo wake huyu anayeoa. Ilikuwa homa. Tulimzika kando ya njia tukaendelea na safari, mifugo ilikuwa inakufa kwa kiu. Mpaka leo sijapaona tena."

Akaanza kulia, kwa sauti kabisa. Mama akamkumbatia, wakaketi wote wawili pale chini kwenye vumbi, na vitenge vyao vya sherehe. Nami nikalia, nikaweka maji chini. Ndani wanaume walikuwa wanabishania ng'ombe wa mahari kama kawaida yao. Huku nje mambo yalikuwa yameshaisha.

Wakati wa kuondoka, mama mkwe alinishika mkono. "Waambie wasikandike ukuta huu mpaka nirudi," akaniagiza.

Walipotokomea barabarani nikamgeukia mama. "Kumbe uliijua njia yao?"

"Ningeijulia wapi?"

"Sasa lile doa lilikuwa nini?"

Mama akauangalia ukuta wake.

"Lilikuwa la wangu, tulipokimbia Burundi," akasema. "Lakini ningemwambia hivyo, yule mama angempeleka wapi mtoto wake?"