Lori Lililokataa Asubuhi

Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Kasongo, lakini aibu zake zote zilikuwa zangu. Lilikuwa kuukuu kuliko mimi mwenyewe. Nililiendesha miaka mingi kwenye barabara ya Kabambare, nikajua kila kikohozi chake, na watu wakaniita fundi. Jina hilo nililivaa kwa kiburi. Siku nilipombeba mama yangu, ufundi wote ulinitoka.

Hospitalini Kasongo walituambia tumrudishe nyumbani. Tumbo lilikuwa limevimba, kukaa kwenye pikipiki hawezi, na dawa hazikuwa na kazi tena. Alitaka jambo moja tu: kufia ndani ya nyumba yake, Kabambare. Nikamtandikia godoro juu ya magunia ya chumvi, dada yangu mdogo akakaa kumshika kichwa, tukaondoka mchana jua likiwa kali. Lori lilivuta bila shida. Jioni tukalala katika kijiji mbele kidogo ya Lusangi, kwa maana taa za lori zilikufa zamani.

Kulipopambazuka kulikuwa na baridi ya kiangazi, ile ya kujifunika vitenge mpaka kichwani. Nikawasha. Lori likaunguruma vizuri, likatembea mpaka nyumba za mwisho za kijiji, likakohoa, likazima.

Injini ya mazutu, yaani dizeli, ikizima kwa kukohoa, kwanza unashuku hewa imeingia kwenye mabomba ya mafuta. Nikalegeza bolti, nikapiga pampu ya mkono mpaka kidole gumba kikachubuka. Mazutu yakatoka kidogo kidogo, kwa uvivu. Nikakaza kila kiungo, nikafunga mpira kwenye bomba lililochakaa. Likawaka, likazima. Nikarudia, likazima tena. Nililitukana mpaka matusi yakaniishia. Jua lilipokuwa limepanda nikafungua na filta, nikaikuta safi, nikairudisha. Nikawasha bila matumaini, na tazama, likashika na kuvuta kama limetoka kiwandani.

"Mama, nimeikamata!" nikapiga kelele.

"Si uende basi, baba," akanijibu kutoka juu ya magunia.

Nilicheka. Ndiyo mara ya mwisho niliyocheka katika safari ile. Mchana ule tukakuta daraja lisilo na mbao, na kukata miti na kuipanga kukatumalizia jua lote. Tukalala ng'ambo, kwenye kijiji kingine. Kwa lori zima, Kabambare ilikuwa imebaki mwendo wa asubuhi moja.

Asubuhi likakataa vile vile. Likakohoa, likazima.

Sasa nilishikwa na woga. Mama alikuwa hanywi tena hata maji, anapumua pumzi fupi fupi, na miguu yake ilikuwa baridi. Nikaanza kushuku kila kitu. Nikatoa hewa. Nikafungua enjekteri moja moja, nikazifuta, nikazirudisha. Nikashuku pampu kubwa, na pampu kubwa ikifa barabarani, safari imekwisha. Nilimwomba Mungu huku spana mkononi, halafu nikamkasirikia, halafu nikamwomba radhi. Nilibaki chini ya lori hata pale ambapo sikuwa na la kufanya, kwa sababu niliogopa kupanda na kumtazama mama usoni.

"Baba, tumefika wapi?" akauliza.

"Iko karibu, mama."

"Tangu jana iko karibu," akasema.

Wanaume wanne wa kijiji walikuwa wamesimama wananiangalia. Mkubwa wao akaniita pembeni.

"Shofere, utatengeneza hii kamio mpaka saa gani? Mama iko anateseka. Acha tumubebe na kipoyi. Sisi tunajua ile njia."

Kipoyi ni machela ya miti na kamba. Hivyo ndivyo kwetu wagonjwa husafiri pasipo gari. Mimi mwenye gari, mama yangu abebwe mabegani na watu nisiowajua. Lakini nilikubali. Kuliacha lori na mzigo wa mtu sikuweza. Tukamshusha, dada akamfunika, na mama akanishika mkono wenye grisi bila kujali uchafu.

"Utatukuta mbele," akaniambia. Wakaondoka naye barabarani, dada akikimbia kidogo ili asiachwe.

Nilikaa kwenye jiwe, nimechoka kama mtu aliyepigwa. Mbele yangu mwanamke mmoja alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo. Akachukua chupa yake ya mawese, akaigeuza juu ya sufuria, hakikutoka kitu. Mafuta yalikuwa yameganda. Akaisimamisha karibu na moto, akaendelea na mambo yake.

Niliinuka kwa kishindo mpaka mwanamke akashtuka. Nikaenda kwenye bidoni, madumu niliyonunulia mazutu Kasongo, nikaingiza pua. Mazutu, na chini ya mazutu, mawese. Kwetu bidoni ile ile inapeleka mawese mjini na kurudi na mazutu. Wanaisuuza kidogo na kusema iko safi. Nikafungua filta. Ilikuwa imejaa uto wa rangi ya chungwa, wa kuchota na kijiko. Jana nilikuwa nimeifungua jua likiwa limeshauyeyusha. Sikuwa nimetengeneza chochote. Jua ndilo lililotengeneza.

Yule mwanamke akanichemshia maji bila kuuliza sana. Nikayamwaga juu ya tanki na mabomba kwa nje, nikasafisha filta kwa mazutu yaliyopashwa moto, nikatoa hewa. Likawaka. Nikalipeleka kwa kasi ambayo halijawahi kuijua, magunia yakiruka nyuma, na mimi naimba kwa sauti mbaya kwa sababu nilikuwa nimeupata ugonjwa wake.

Niliwakuta kwenye mteremko wa pili. Kipoyi kilikuwa chini, katikati ya barabara. Wanaume walikuwa wamevua kofia. Dada alikuwa ameketi vumbini, kichwa cha mama mapajani mwake, na mdomo wa dada ulikuwa wazi, lakini kelele za injini zilimeza sauti yake yote. Nilikaa pale nikiacha injini ingurume. Maadamu ilikuwa inanguruma, hakuna aliyekuwa ameniambia neno. Kisha nikazima, kilio kikanifikia.

"Yaya," dada akaniita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, nilipopiga magoti, "aliniuliza kama tumefika. Nikamuambia ndiyo mama, tumefika ku nyumba yako."

Tulimpandisha juu ya magunia, na wale wanaume wakapanda pamoja naye. Nikawasha. Lori likashika mara moja, bila hata kukohoa, na hapo ndipo nilipolia.