Kicheko cha Zawadi

Nilikuwa na umri wa kuchota maji peke yangu, vita ikiwa imetufungia mjini Kindu, asubuhi ile mdogo wangu Zawadi alipoamka akicheka. Meno yalikuwa nje, lakini macho yalijaa machozi, na taya hazikufunguka hata kwa uji. Mlango wetu ulipojibamiza, mwili wake wote ulikakamaa, mgongo ukapinda kwa nyuma.

Koko, mama yake mama, alijua maana yake. "Ni wafu njo wanacheka naye," alisema. "Mumuweke mu giza. Mutu asipige kelele. Na mutoto asitoke inje, wale wafu watamubeba."

Tulimlaza gizani. Zawadi akakakamaa tena. Mama akakaza kitenge kiunoni, akamgeukia Koko.

"Mama, miye naenda naye ku hopitali."

"Mu njia iko waaskari."

"Iko. Na miye naenda."

Nilidhani Koko angeziba mlango. Badala yake alivua kilemba chake, akamfunika Zawadi macho, akatufuata juani.

Muuguzi wa chumba cha dharura hakuuliza nani kamroga. Alipenyeza kijiti bapa katika mwanya mdogo wa meno ya Zawadi, akamgusa koo. Mtoto mwingine angetaka kutapika. Zawadi alikiuma, akashindwa kukiachia. Hapo hapo muuguzi akaanza kutafuta kidonda, akakipata chini ya kisigino: tundu lililoachwa na kipande cha chuma alichokikanyaga relini.

"Ni tetanosi, pepopunda. Alichanjwa?"

Mama alitikisa kichwa. Tangu vita ianze, chanjo hazikutufikia.

Walimchoma serumu ya kuzuia sumu ya ugonjwa na dawa ya kulegeza misuli, wakasafisha kidonda, wakampa maziwa kwa mpira wa puani. Kisha muuguzi akafunga madirisha. "Giza na kimya," alisema. "Kelele ndogo tu inaweza kumkaza asipumue."

Koko akakaa mlangoni, akawanyamazisha wapita njia wote, hata askari. Taya zilifunguka polepole. Neno la kwanza la Zawadi lilikuwa "maji".

Leo Zawadi ana watoto wake, nami ni muuguzi wa dharura hapa hapa Kindu. Ugonjwa ule umekuwa adimu; vijana ninaofanya nao kazi wengi hawajauona. Bibi akileta mtoto na kusema wafu wanacheka naye, simkatizi. Nachukua kijiti, natafuta kidonda. Ameona kitu cha kweli, akakipa jina alilo nalo.

Kumweka Zawadi nyumbani kungemuua. Mama alilijua hilo, na tunamsifu hadi leo. Lakini kati yetu sote, aliyeamini kweli kwamba wafu walikuwa wanatungoja nje ni Koko, na Koko alitoka.