Mtani Ameizika Motokaa Yangu

Mhariri, jina langu ulifunike, maana Temeke yote inanijua na sitaki watu wanicheke mara ya pili. Wasomaji, mie ni kijana wa miaka ishirini na mbili, Mzaramo, sijaoa, ni fundi katika gereji ya Mhindi mmoja huku Chang'ombe. Shule niliishia darasa la nne, lakini injini haimuulizi mtu darasa. Nileteeni yeyote mwenye cheti, tufungue kabureta pamoja, tuone nani atairudisha ikawaka.

Mwaka jana nilinunua motokaa yangu ya kwanza. Si lori, si gari la kubebea nazi. Ni motokaa ya spoti, viti viwili, pua ndefu, haina paa ila turubai la kukunja. Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliitelekeza nyuma ya gereji alipokuwa anarudi kwao, akamwachia tajiri wangu aiuze kama vyuma chakavu. Kuku walikuwa wanatagia ndani. Tajiri akanitania, "Wewe nunua hawa kuku, motokaa nitakupa nyongeza." Nilipoikokota kwa kamba hadi nyumbani, vijana wa mtaani walinifuata wakiniuliza punda wa kuivuta nitamnunua lini.

Bibi yangu mzaa mama peke yake hakucheka. Kila jioni alikuja kukaa kwenye kiti kilichobaki springi tupu, anatafuna tambuu, mie nipo chini ya gari. "Mume wangu," ndivyo alivyokuwa akiniita, "lini utanipeleka mjini nikawaringie wake wenzangu?"

Basi nikaifufua. Injini niliishusha yote, nikaiosha kwa mafuta ya taa, na vipande visivyopatikana nikavichonga mwenyewe kwa tupa. Fundi viatu alinishonea viti vya ngozi ya ng'ombe, vikanuka ng'ombe mpaka mvua zilipokwisha. Ndani, mbele ya usukani, nikaweka ubao wa mninga uliopigwa msasa mpaka unajiona sura. Rangi nikapiga ya zambarau iliyoiva, na nyuma nikaandika kwa herufi za kupinda: SEMENI MCHOKE. Siku ilipowaka, waliokuwa wakinicheka walianza kuniita bwana. Bibi nikampeleka mjini na kumrudisha, kashikilia kanga kichwani, ananiambia, "Polepole mume wangu, utaning'oa meno," naye hana hata moja.

Sasa yupo mtu, nimwite Mihayo. Ni dereva wa lori, Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wazaramo. Naye aliitaka motokaa ile, akachelewa, akaambiwa nimeshaichukua. Tangu hapo kila tukikutana: "Mzaramo na usukani wapi na wapi? Wewe ulizaliwa kukwea minazi." Nami namjibu, "Nyie mlikuja pwani na pembe za ndovu kichwani, sasa mnaumia mtu akibebwa." Tunacheka, tunaachana. Utani ndivyo ulivyo.

Bibi akafariki. Msibani watani walifanya kazi yao kama desturi, kaburi walichimba wao, na vituko walifanya wao. Mihayo alijifunga kanga ya marehemu, akaketi kwenye motokaa yangu, akaiga sauti yake: "Mume wangu, twende mjini." Hata mama yangu, aliyekuwa hajanyamaza tangu alfajiri, alicheka. Kisha Mihayo akaipaka motokaa majivu toka pua hadi mkia, akarudi kitini, akagoma kushuka mpaka niikomboe. Nikatoa shilingi yangu, nikatabasamu. Mtani hakasirikiwi, hilo nilifundishwa kabla ya herufi.

Kesho yake nikaosha majivu, nikaondoka. Sijafika mbali injini ikaanza kusaga, ikalia kama mtu anayenyongwa, ikakwama. Tuliivuta hadi gereji. Nilipoifungua nilikuta mchanga ndani ya oili. Beringi zote zimeliwa, na vyuma vile havipo tena nchi hii.

Nikamfuata Mihayo kwake. Nikamuuliza, "Mchanga ule ni wewe?"

Hakukana. Alikuwa anakula, akaendelea kula. "Mtani wangu, marehemu aliipenda motokaa. Tulipomaliza kumzika nikachota mchanga wa kaburini, nikaitilia na yenyewe. Afuatane na mumewe wa chuma."

Watu waliokuwepo wakacheka. Mie nikampiga. Jino moja likatoka.

Wasomaji, tangu siku hiyo mie ndiye mbaya. Wazee wamekaa, wakasema nimevunja utani uliowekwa na babu zetu, nipeleke mbuzi na nimwombe Mihayo radhi mbele za watu. Nikawaambia, "Shikamooni, lakini utani ni wa kuonekana, huchezewa mbele za watu. Huyu alifunua boneti watu wakiwa kwenye dua. Utani gani huo wa kujificha?" Mjomba wangu akanijibu, "Motokaa ni chuma, mwanangu. Jino ni la mtu." Chuma. Kwake yeye, mikono yangu mwaka mzima ilikuwa inacheza.

Kinachoniua si wazee, ni mama. Ijumaa hii ni arobaini ya bibi. Watani wametuma neno kwamba hawatakanyaga mpaka niombe radhi, na arobaini bila watani kwetu ni aibu ya ukoo. Jana nilimwamkia mama, hakuitikia. Akasema akiwa ameugeukia ukuta, "Ukija Ijumaa bila kumshika mkono Mihayo, usije." Mie, mjukuu aliyempakia kwenye motokaa, ndiye nifungiwe mlango wa hitima yake, na aliyechota mchanga juu yake akaribishwe pilau.

Nikiomba radhi, nimekiri mbele ya mtaa kwamba alichokifanya ni mzaha. Nisipoomba, nimempoteza mama kwa ajili ya motokaa isiyotembea. Nyie mliokwisha kukosana na mtani mkapatana, au mliokataa mkaishi hivyo hivyo, niambieni kabla ya Ijumaa: mkono nimpe, au nisimpe?