Uzito wa Nyuma

Baba alinifundisha kuendesha gari kwenye tope kwa sababu aliogopa kuzikwa mjini. Wala hakuificha sababu yake. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, nami ndiye mtoto wake wa pekee. Alitaka kulazwa karibu na mama yake, katika shamba letu lililo ng'ambo ya feri, mbele ya Timbwani, na njia ya kule wakati wa masika haipitiki ila kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, kama lile lake kuukuu.

Tulijifunzia nyuma ya nyumba yetu Mishomoroni, mvua ikikatika, kwenye mteremko ambao hata pikipiki ziliukimbia. Punguza upepo kwenye magurudumu. Shuka kwanza, uitembee njia kwa miguu. Ingiza gia nzito, breki usiiguse. Mimi hasira zangu ziko karibu; gari likikwama nilikanyaga mafuta mpaka tope likarukia nguo za jirani zilizoanikwa.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Tope halitishwi. Mwenda pole hajikwai."

Kisha akahamia nyuma, sehemu ya mizigo, akakaa usawa wa gurudumu, akisema gari tupu huteleza, lataka uzito. Na uzito, alhamdulillahi, baba alikuwa nao. Gari likashika ardhi, likapanda taratibu, naye akacheka kule nyuma. Niliyachukia masomo yale. Kila nilipofaulu, niliona nimekaribia kumzika.

Alifariki katikati ya masika. Ami zangu wakataka azikwe Kisauni, huku huku mjini, kwani gari la maiti lisingeweza kupita njia ile. Nikasema nitampeleka mimi. Wakatazamana, maana kwetu mwanamke haendi maziarani kuzika.

"Apelekwe kwa mamake," akasema ami mkubwa mwishowe. "Huyu ataishia ukingoni mwa shamba."

Tukavuka feri, jeneza likiwa nyuma, pale pale alipozoea kukaa. Tulipofika kwenye tope jeusi nikapunguza upepo, nikashuka, nikaitembea njia huku nimekusanya buibui langu mkononi, na wanaume wakinitazama. Kisha nikaingiza gia nzito. Gari halikuteleza hata kidogo.

Ukingoni wakamchukua mabegani. Mimi nikabaki kwenye usukani, nikisikia majembe na dua kutoka nyuma ya minazi. Nililia sana. Niliona uchungu kumfikisha mpaka pale, kisha nisimwone akishushwa.

Ami mkubwa akaja dirishani, kanzu yake imejaa udongo.

"Tumemlaza alipotaka, mwanangu. Tangulia nyumbani, sisi twabaki kidogo."

Nikageuza gari peke yangu. Kwenye tope lile lile, kwa gia ile ile, bila haraka yoyote, magurudumu ya nyuma yakateleza, kwa kuwa gari lilikuwa tupu.