Spika ya Kushoto

Mzee fundi redio wa mtaa wa Lizaboni hupuliza vumbi kabla ya kugusa chombo, kisha hukitegea sikio, macho kayafumba, kama daktari apimaye kifua. Ndivyo alivyozipima spika walizoziacha wenye nyumba wa awali, ambazo Mwalimu Lukresia alitaka ziigeuze sebule yake kuwa ukumbi wa sinema. Kwenye ile ya kushoto alikawia, akaitikia kwa kichwa.

“Hii inaimba kuliko zote, mwalimu.”

Spika ilikuwa kimya. Lukresia aliuona waya wake sakafuni, haujaunganishwa popote.

“Inaimba, baba. Tuufunge tu na waya huu, usije ukatukwaza.”

Mzee aliutazama waya kitambo kirefu, kisha akapiga magoti, akaufunga.