Nusu Kichwa kwa Chanuo

Chanuo alikuwa msusi. Jina hilo alipewa na wateja, maana chanuo halikutoka nyweleni mwake hata akienda msibani. Ugonjwa ule wa kifua ulipozuka mtaani mara ya pili, ulimchukua dada yake mkubwa. Walimzika wakiwa wachache, wamesimama kwa kuachiana nafasi, na Chanuo hakuruhusiwa hata kumsuka kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo chanjo ilipofika hakungoja kubembelezwa. Alikwenda, akarudi na plasta begani, akaiacha ionekane.

Kumbe amejichongea. Uvumi ulikuwa umemtangulia: chanjo inafunga kizazi. Wateja wakawa wanapita mlangoni kwake kama hawamjui. Nyumbani, mama mkwe alilipuka wakiwa mezani.

"Mwanangu kakuoa uniletee wajukuu, wewe unakwenda kujidunga madude!"

"Mama, dada yangu hakudungwa kitu. Yuko wapi?"

Mama mkwe akasusa chakula. Mume akajifanya anatafuta chumvi.

Chanuo akamfuata muuguzi wa zahanati. "Mimi nimeshachanjwa. Si basi?"

"Wewe umejikinga, tena kiasi," muuguzi akasema. "Mtaa mzima ukiwa wazi bila kinga, ugonjwa utazunguka utakavyo na kutujazia wodi. Tukichanjwa wengi, utakosa pa kushika."

"Basi lete sanduku lako la chanjo saluni."

"Nani atakuja?"

"Wanaotaka kusukwa."

Na kweli walirudi, shingo upande. Kulikuwa na harusi mtaani, na wasusi wengine wa pale walisuka kama wanaofunga mzigo wa kuni. Chanuo aliwapokea kwa bashasha, akasuka upande mmoja wa kichwa, kisha akaweka chanuo chini.

"Napumzisha vidole. Muuguzi yule pale, muulize lolote."

"Unaniteka?" mteja wa kwanza akang'aka.

"Mlango uko wazi, shoga yangu. Uchanjwe usichanjwe, nitakumalizia. Ila utatusikiliza."

Mwanamke mwenye nusu kichwa aende wapi? Wakakaa, wakauliza. Mmoja akauliza lililowakaa wote rohoni: na kizazi je? Muuguzi akajipapasa tumbo lililoanza kuchomoza chini ya gauni jeupe.

"Sisi wauguzi tulianza kuchanjwa, miezi mingi iliyopita. Huyu kaja baadaye."

Saluni ikaangua kicheko. Wengine walikunja mikono ya nguo siku hiyohiyo. Wengine walikwenda kushauriana na waume zao, wakarudi nao. Mmoja alitoka akitukana, kajifunga kitambaa juu ya nusu kichwa chake. Watu wakamwita Chanuo dalali wa sindano. Akawajibu kwamba yeye ni dalali wa uhai, wapende wasipende.

Ugonjwa ukarudi mara ya tatu. Mtaa ulikohoa, watu wakalala na homa, Chanuo mwenyewe akalala siku kadhaa, kajitenga saluni kwake. Lakini wengi waliinuka kutoka vitanda vya nyumbani kwao. Zahanati, ambako safari iliyopita wagonjwa walilazwa hadi kwenye korido, ilikuwa na vitanda vitupu na mitungi ya oksijeni isiyoguswa. Hata hivyo ugonjwa haukupita bure: fundi viatu wa jirani, aliyekataa chanjo katakata, walimzika. Chanuo alimlia kwa hasira. Mara ngapi alikuwa amemsihi!

Mama mkwe hakuchanjwa, wala hakuugua. Siku moja, akiwa amekaa chini anasukwa na mkwewe, akajitapa.

"Mimi hamkunidunga, na ni mzima kama chuma. Unaona?"

"Naona, mama. Mwanao kachanjwa, mimi nimechanjwa, hata anayekuletea maziwa kachanjwa. Tulikuzunguka, ndiyo maana ugonjwa haukukufikia. Ukizuka tena, nitakwambia tena uende ukachanjwe."

"Na nitakataa tena."

"Na nitakwambia tena."

Akamgeuza kichwa, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, akaanza mstari mwingine.