Mtihani wa Gunia

Subira sikuzaliwa nayo, na wala sijawahi kuitafuta. Siku ile ningekuwa nayo, ningerudi nyumbani mikono mitupu.

Ghala moja la shirika hapa Kariakoo lilitaka karani wa kuandika mizigo. Tulifika wanne kwenye usaili: wanaume watatu na mimi, binti wa muuza uji wa mtaa huohuo. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba nikiipata kazi ile, anazima jiko na kupumzika. Moshi ulikuwa umemmaliza macho. Tukafanya mtihani wa hesabu na mwandiko. Majibu yakabandikwa ukutani, mimi wa kwanza.

Meneja akatoka na kaunda suti yake, akayatazama majibu, akanitazama mimi. Akasema bado kuna mtihani mmoja. Wachukuzi wakaambiwa waingize gunia la mahindi ofisini. Wakalitua, wakatoka bila kuambiwa ni la nini.

"Kila mmoja alibebe avuke nalo mlango," akasema. "Ghala linataka mtu mwenye nguvu. Wote sawa, hakuna upendeleo."

Wawili walivuka nalo kwa taabu, wakalirudisha. Wa tatu lilimponyoka, likaangukia mlangoni, likaziba njia. Zamu yangu ikafika.

"Ndugu Meneja," nikamwuliza, "karani aliyestaafu alikuwa anatembea na mkongojo. Yeye alibeba gunia gani?"

"Hubebi?"

"Sibebi. Nimeomba kalamu, sikuomba gunia."

"Basi umeshindwa."

Thubutu! Damu ilinichemka. Nikaliruka lile gunia, nikatoka hadi barazani kwa mzee aliyekuwa kiongozi wa wachukuzi. Nilikuwa nampelekea uji wa mama tangu niko darasa la kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umefura hivyo?"

Nikamweleza. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Makarani wabebe magunia? Na sisi tukale wapi?"

Kariakoo gunia lina wenyewe. Mtoto yeyote wa pale analijua hilo, ila meneja alikuwa amehamishiwa kwetu mwezi uliopita tu, kutoka ofisi za Posta. Mzee akawaambia wenzake hakuna kuligusa. Aliyelitaka alitoe mwenyewe.

Na mkubwa kutoka makao makuu alikuwa anakuja kukagua saa nane. Meneja aliwabembeleza wachukuzi, wakamgeuzia mgongo; wale wanaume watatu wa usaili nao hawakuthubutu kuligusa tena mbele ya wenyewe. Akavua saa, akainama, akalikumbatia gunia. Halikwenda popote. Akajaribu tena, kifungo cha kaunda suti kikaruka. Mkuki kwa nguruwe, jamani! Nilicheka waziwazi na mpaka leo sijutii.

Akanijia jasho linamtiririka. "Dada, hebu sema na wazee wako walitoe."

"Nitasema," nikajibu. "Barua yangu ya kazi kwanza."

Aliitazama saa aliyoivua. Kisha akaketi, akaandika, akagonga muhuri. Nikaisoma mpaka nukta ya mwisho, nikaikunja, ndipo nikamwita mzee. Akaja na mwenzake mmoja, wakalitoa gunia huku wanapiga soga.

Nilikimbia hadi kwa mama, barua mkononi. "Mama, zima jiko!"

Akaipangusa mikono yake kwenye kanga, akaishika barua, akaigeuzageuza ingawa kusoma hakujua. Machozi yalimtoka, na safari hii haukuwa moshi.

"Nitazima kesho," akasema. "Leo wachukuzi wote wanakunywa bure."